Mwenyewe Akija

Wanafunzi humwita Mwalimu wa Leo, maana ya kesho hakuna ayajuaye. Sisi walimu wa kudumu tukiugua, yeye ndiye anayeitwa, na tunaugua kweli: madarasa yamefurika, koo zimekauka, madaftari ya kusahihisha yanatufuata hadi kitandani. Huja na chaki zake mwenyewe, amezifunga kwenye leso. Kipindi kikiisha hufuta kila alichoandika ubaoni, lakini kichwa cha somo alichokiacha mwenye darasa hakigusi. Katika ofisi ya walimu hunywa chai akiwa amesimama, mgongo ukutani. Ukimwambia, "Keti, ndugu yangu, miguu si chuma," hujibu kwa sauti yake iliyokwaruzwa na vumbi la chaki, "Mwenyewe akija?"

Jumatatu iliyopita mwalimu wa hesabu alistaafu. Mwalimu mkuu akamvutia Mwalimu wa Leo kiti kilichobaki wazi, akasema, "Kuanzia leo mwenyewe ni wewe. Kaa." Akakaa ukingoni, magoti pamoja, kama mgeni aliyekosea nyumba. Tukapiga makofi. Akafumba macho, nikadhani usingizi umemchukua. Mara upepo ukasukuma mlango. Hakuingia mtu, lakini yeye alikuwa keshasimama, anakipangusa kiti kwa kiganja, mgongo ukiutafuta ukuta.