Mbuzi Wangu Hakumezwa na Ardhi

Admin, nifiche vizuri, maana watu wa mtaa wetu wa Kiamunyi wananijua kwa sauti, na hata nikiandika wataisikia.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na nane, nina mke na watoto, na nina baa ya nyama choma ambayo ukiuliza mtu yeyote huku atakuonyesha akiwa amefumba macho. Shule niliachia darasa la saba, lakini dunia nimeisoma yote. Nimeendesha lori mpaka Juba, nimelala Goma, nimekula samaki Jinja na watu wakubwa wakubwa. Wateja huniita Mheshimiwa, ingawa hata uprifekti sikuwahi kupewa. Mdomo ndio mtaji wangu, na huo mdomo ndio umenifikisha hapa.

Jirani yangu ni mwalimu mjane, tumwite Mwalimu Chebet. Alitoka Olenguruone akanunua ploti nyuma ya baa yangu, na kitu anachotaka maishani ni kimoja tu: kufungua shule ya msingi. Nyumba huku zimejaa, lakini shule iliyo karibu iko ng'ambo ya barabara kuu. Watoto wadogo huvuka hapo asubuhi wameshikana mikono, magari yakipita kama yametupwa. Lastborn wangu, yule mdogo kabisa, ni mmoja wao. Kwa hivyo Mwalimu aliponiambia mpango wake, mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nikamwambia, "Mwalimu, mchanga wote wa kujenga ni wangu. Wewe tafuta chaki tu."

Sasa hiyo ploti imeandikishwa kuwa ya makao. Ukitaka kuweka shule lazima kaunti ikubali ubadilishe matumizi, na majirani waulizwe kama wana pingamizi. Mwalimu akasimamisha kibao cha tangazo pale mbele ya ploti, na afisa wa kaunti akaja kutusikiza. Tulikalia viti vya plastiki vya baa yangu, nilivitoa bure.

Afisa alianza vizuri. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeongea juu ya mvua, "Na shule ikipita, baa zilizo karibu hazitapewa laisensi tena."

Na baa iliyo karibu kuliko zote ni yangu. Mzee mmoja, mteja wangu, akapaza sauti, "Mheshimiwa, leo umezikwa!" Watu wakacheka. Na mimi watu wakicheka siwezi kunyamaza, ni ugonjwa.

Kuna stori ambayo nimepiga pale kaunta miaka mingi. Mnajua huku kwetu mvua ikizidi ardhi hupasuka, mtu anaamka anapata shimo katikati ya shamba. Basi mimi husema mbuzi wangu alimezwa na ufa kwenye hiyo ploti ya nyuma, akatokea Naivasha amenona, anaongea Kizungu. Ukweli ni kwamba huyo mbuzi nilimchinja mwenyewe siku moja nyama ilipoisha, na wateja wakalamba vidole. Nilidhani kila mtu anajua ni stori ya bia.

Nikasimama nikasema, "Afisa, mimi shule siipingi. Lakini hiyo ploti ilikula mbuzi wangu mzima na pembe zake. Itashindwa na darasa la kwanza?"

Walicheka, halafu kicheko kikakatika. Mama mmoja aliyehamia juzi akauliza, "Kwani kuna ufa hapo chini?" Afisa akaacha kuandika. "Mzee, uliona kwa macho yako?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema ni mzaha. Nikafikiria baa, nikafikiria wasichana ninaowaajiri na mama zao. Nikasema, "Niliona."

Ombi likawekwa kando mpaka afisa arudi. Wazazi waliokuwa wameahidi kuleta watoto wakaanza kumkwepa Mwalimu njiani.

Angenitukana ningelala vizuri. Lakini kesho yake alikuja kwa baa, mahali hajawahi kukanyaga, akasimama mlangoni. "Jirani, nimekuja kukushukuru. Ungeninyamazia ningezika watoto wa watu." Kisha akasema, "Nionyeshe ufa ulipita wapi, nisije nikaweka hata choo hapo."

Na mimi, mwanaume mzima, nilienda. Nilitembea kwenye nyasi za mjane nikionyesha kwa kidole mahali hapana kitu. "Ufa ulianza hapa, Mwalimu, ukakata hivi." Alinifuata nyuma akipigilia vijiti, na kwa kila kijiti akifunga kitambaa chekundu. Nilipotazama vizuri nikaona anavirarua kutoka kwa sweta aliyoshonesha iwe mfano wa yunifomu ya shule yake.

Hivyo vitambaa naviona kila siku nikigeuza nyama. Juzi nilitaka kukata njia hapo, lastborn wangu akanivuta shati. "Baba, usipite! Mwalimu amesema ni hatari."

Sasa Mwalimu anataka kuuza ploti arudi kwao. Na kaja kwangu tena. "Wewe unajua watu, nitafutie mnunuzi. Lakini umwambie ukweli kuhusu huo ufa, sitaki kumwibia mtu."

Afisa anarudi wiki ijayo kusikiza mara ya mwisho. Mke wangu anajua yote, na amesema, "Nyamaza. Hiyo shule itakulisha?" Nikisema ukweli baa imekwisha, na nitakuwa yule mzee aliyedanganya serikali juu ya mbuzi. Nikinyamaza, Mwalimu ataondoka akiniombea baraka, na mtoto wangu ataendelea kuvuka barabara.

Ndugu zangu, nipeni mawaidha, na tafadhali msinitumie vichekesho. Nikisimama tena mbele ya wale watu nianze na neno gani? Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema, nimekaa hapa naangalia vile vitambaa, na hata la kwanza sina.