Nilivyobadilisha injini ya Baba Teo na beseni

Jamani, leo aibu imenimaliza.

Mume wangu anafufua kapikipiki kadogo ka marehemu babake, ampakie Teo wetu. Injini ya zamani ilikufa, lakini aliiosha ikang'aa. Ile aliyonunua mahali pake ilikuwa nyeusi, imejaa oili.

Mzee wa kubadilisha vyuma na mabeseni akapita. Nikampa hiyo chafu, nikidhani ndiyo iliyokufa!

Jioni nikasikia Baba Teo akimfokea jirani mlangoni: "Rudisha injini yangu!"

Nikatoka. "Muache. Ni mimi niliyeibadilisha na beseni."

Jirani akanitazama. "Mama Teo, si hata ungeitisha mabeseni mawili?"

Ploti nzima ikacheka. Mume wangu akamwomba jirani msamaha, akaingia ndani.

Kesho asubuhi naenda mtaa wa Mbotela, anakouzia vyuma vyake, kumtafuta huyo mzee. Nani atanisindikiza?