Jumamosi za Kutengeneza

Majirani wa mtaa wetu wa Landless walimpenda baba yangu kwa sababu ya Jumamosi zake. Wakipita langoni walimwona ameinama juu ya ubao, penseli imekaa sikioni, na sisi watoto wake wawili kando yake, kaka yangu akishikilia mbao na mimi nikipiga msasa. Wanawake waliwaambia waume zao waje wajionee mwanamume anayefanya kazi na watoto wake badala ya kukaa baa. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni kwa nini nyumba moja ndogo ilikuwa na vitu vingi hivyo vya kutengenezwa.

Wacha niwaambie basi. Ijumaa alivunja, Jumamosi tukatengeneza.

Alivunja stuli, kwa sababu aliirusha ukutani na Mama akawahi kuinama. Alivunja kabati la vyombo ambalo shosho, nyanya yetu, alimpa Mama alipoolewa, akalipiga teke hadi mlango wake ukatoka na sahani zikamwagika. Alivunja miguu ya meza yetu, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikawa na miguu ya rangi tofauti. Lakini kitu alichovunja kuliko vyote ni mlango wa chumba chao cha kulala. Mama akiona mambo yameharibika alikimbilia humo, akafunga komeo. Baba alimpa nafasi ya kufungua kwa hiari, akiongea kwa upole kabisa, kisha akapiga teke. Teke moja, mawili, komeo linang'oka, mlango unagonga ukuta. Yaliyofuata tuliyasikia tukiwa chini ya meza. Kaka yangu alikuwa akiniziba masikio kwa mikono yake, lakini nilisikia kila kitu.

Kesho yake Baba aliamka mapema, mchangamfu kabisa, akipiga mluzi wimbo wa kanisani. Alitandika gunia uani, akapanga nyundo, randa, msumeno na bisibisi, kisha akatuita: "Njooni basi, tutengeneze." Hiyo ndiyo ilikuwa pole yake. Nyingine sijawahi kuisikia. Mama alikuja na uso umevimba, akashika tochi, kwa maana korido yetu haina dirisha na mtu alihitaji kumulikiwa pale kwenye fremu. Ukitazama kutoka barabarani ungedhani ni familia ya kwenye kalenda.

Na alitufundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Nilijua kutumia randa kabla sijajua kupika ugali. Nikipinda msumari alinigonga kwenye vifundo vya vidole kwa mpini wa nyundo, kwa hivyo niliacha kupinda misumari. Kila sehemu alikuwa na sheria yake. Bawaba zilitaka skurubu ndefu. Miguu ya meza ilitaka gundi kwanza, halafu misumari. Na kile kishikio cha kwenye fremu kinachopokea komeo kilitaka skurubu fupi, zile alizoziweka kwenye mkebe wa majani ya chai. Hapo ukiweka ndefu, alisema, fremu itapasuka. Tuliishika sheria hiyo kama tulivyoishika sala ya chakula.

Tulikua, tukaondoka. Kaka yangu alifungua duka Witeithie, mimi nikaolewa Ruiru. Nyumba yangu nimeitengeneza kwa mikono yangu, rafu za jikoni, vitanda vya watoto, hata dari. Bwanangu hushika ngazi na kunyamaza, maana ameshaelewa kwamba mimi na nyundo tukiwa pamoja si wakati wa kuniletea maneno. Hasira za Baba ninazo. Sizifichi. Mimi hupiga mbao, mbao hainyanyuki kesho yake na jicho limevimba.

Mwaka huu, mvua ndefu zilipoanza, Mama alinipigia akaniambia mkono wake uko kwenye plasta. Hospitalini alikuwa amesema aliteleza bafuni. Aki ya Mungu nilimfokea, mimi mtoto nikamfokea mama yangu, nikamwambia apange nguo zake nije nimchukue siku hiyo hiyo. Alikataa. Alisema mawe ya nyumba ile aliyabeba kwa mgongo wake akiwa na mimba yangu, na hawezi kumwachia mtu. Wazee wa kanisa walikuwa wameshaitwa. Walikuja, wakaomba, wakala kuku, wakaenda zao. Sasa alikuwa akitaka kitu kimoja tu kutoka kwetu. "Nataka mlango ambao hautafunguka nikiwa ndani," aliniambia. "Akinipata humo tena, sitatoka."

Tulienda Jumamosi. Baba, ambaye bado anafanya kazi kiwandani, alikuwa zamu ya asubuhi. Nilikuwa nimenunua mbao za mahogani zilizokauka vizuri, kaka yangu akaleta drili ya betri, na tukaanza kubomoa.

Sitadanganya, nilifurahia. Niliuchukua mtaimbo nikauingiza nyuma ya fremu ya zamani, nikavuta hadi mbao ikalia. Kila kipande kilichotoka nilikitupa uani kwa nguvu kama kwamba kina mtu ndani. Nilipofika pale kwenye komeo nilikuta fremu imetafunwa kama muwa, tundu juu ya tundu, zote zimezibwa kwa gundi na vumbi la mbao. Kazi yote ya mikono yetu ilikuwa pale, ya utoto hadi ya ujana. Nilikitupa kipande hicho mbali kuliko vingine vyote.

Tukaweka fremu mpya, tukaifunga kwenye mawe. Patasi iliniteleza ikanikata kiganja, damu ikamwagika kwenye mbao, nikafunga kitambaa na kuendelea, na damu nikaitoa kwa msasa. Kaka yangu alitoboa mawe kwa nguvu hadi nikamwogopa. Mama alikuwa amekalia kitanda, mkono wa plasta kwenye paja, mkono mzima umeshika tochi.

Mlango ulipotundikwa ulifunga vizuri mno, bila hata kukwaruza sakafu. Ikabaki komeo. Kaka yangu alifungua pakiti za skurubu, akaingiza mkono kwa ile ya fupi. Mimi nikampa bisibisi. Hatukufikiria. Mikono ilijua kazi yake. Akafunga kishikio, akasukuma mlango kwa bega, akasema uko sawa.

Mama alisimama, akaleta tochi karibu hadi mwanga ukakaa pale pale kwenye kishikio.

"Toa hizo," alisema. "Weka ndefu."

Kaka yangu akamwambia fremu itapasuka.

"Ni nani aliyekwambia itapasuka?"

Kaka yangu akanigeukia.

"Miaka hiyo yote nimewashikia tochi," Mama akasema. "Mlidhani nilikuwa namulika ukuta?"

Ngai, Mungu wangu. Nilizitazama zile skurubu, urefu wake haufiki hata ukucha wangu, na kila kitu kikanijia mara moja. Yule mtu hakuwahi kutengeneza ule mlango. Kila Jumamosi, kwa penseli yake na mluzi wake, alikuwa akiutayarisha kwa Ijumaa yake. Na alitutumia sisi. Alichukua watoto wake mwenyewe, akawafundisha kazi, akawafundisha kumfungulia. Nilitaka kutapika, halafu nikataka kuua, na katikati ya hayo mawili sikuwa na kitu kingine.

Nilimuuliza Mama mbona hakusema. Alisema aliwahi kuomba ndefu mara moja, nikiwa bado natambaa. Kisha akainua kidole akagusa ile alama iliyo juu ya unyusi wake, ambayo maisha yangu yote nimeambiwa alizaliwa nayo.

Tulizitoa. Nilichukua drili mwenyewe, nikatoboa fremu hadi kwenye jiwe, na nikaziingiza ndefu kwa bisibisi ya mkono ili nizihisi zikiuma. Kidonda cha kiganja kikafunguka tena na sikujali. Fremu haikupasuka. Haikutoa hata ufa wa unywele.

Baba alifika saa tisa, tukiwa tunafagia. Alikuwa amepitia mahali, pumzi yake ilituambia. Alisimama koridoni akaupapasa mlango kwa kiganja, akagonga mbao kwa vidole, akatusifu. Alisema ni kazi safi na kwamba kumbe alifundisha watu. Mama alikuwa chumbani. Aliusukuma mlango ukafungwa, na tukasikia komeo likiingia.

Uso wa Baba ulibadilika. Kwanza alimsihi kwa upole, kama kawaida. Alimwita kwa jina la ubatizo. Halafu akarudi nyuma hatua moja na kupiga teke.

Mlango haukutingika. Akapiga tena, na tena, na kila teke liliingia kifuani kwangu. Kaka yangu alimshika mabega kutoka nyuma, akapigwa kiwiko cha mdomo hadi jino likatoka, akaanguka kwenye maganda ya randa akitema damu. Baba sasa alikuwa akinguruma. Alienda hadi mwisho wa korido, akaja mbio akiongoza kwa bega. Mlango ukamrudisha. Akainua mguu kwa nguvu zake zote, akapiga pale penye komeo, pale ambapo amepiga miaka yote, na kitu kikavunjika kwa sauti ambayo tuliisikia wote. Nilidhani ni mbao. Ulikuwa mguu wake.

Alianguka chini ameshika kifundo cha mguu. Mimi nilikuwa nimesimama juu yake na nyundo mkononi, sikumbuki niliiokota wapi. Kichwa chake kilikuwa pale chini, na nywele zimekuwa nyeupe. Nyundo ilikuwa ile ile yenye mpini ulionifundisha kutopinda misumari. Nilijua uzito wake vizuri. Nilikuwa nimeshaiinua.

Mama akaniita kutoka ndani. Hakuwa ananiona, na hakupaza sauti. Aliniambia bado kuna takataka koridoni, nimalize kufagia.

Niliweka nyundo chini nikachukua ufagio. Nilifagia nikimzunguka, na yeye akiugulia, hadi kaka yangu alipoacha kutokwa na damu akaenda kutafuta gari la kumpeleka hospitalini. Mlangoni kulikuwa na alama ya soli ya kiatu, hiyo tu.

Jumamosi iliyofuata nilitoka Ruiru asubuhi na mapema, nikampitia kaka yangu Witeithie, kwa sababu usingizi haukuwa unanijia. Tulimkuta Baba uani. Mguu ulikuwa kwenye plasta, umenyooshwa juu ya tofali. Alikuwa ametandika gunia. Nyundo, randa, msumeno, bisibisi, vyote vimepangwa, na mkebe wa majani ya chai pembeni. Jirani mmoja alipita langoni akamsalimia, akamwambia hata na mguu huo haachi kazi, Mungu ambariki. Baba akacheka naye. Kisha akatugeukia, kwa sauti ile ile ya siku zote.

"Njooni basi, tutengeneze."

Kaka yangu alitazama chini. Naona aibu kusema hivi, lakini mguu wangu ulikuwa umeshasogea.

Mama akatoka na birika katika mkono wake mzima. Alitumiminia chai mimi na kaka yangu, akamimina ya Baba na kuiweka chini, mbali kidogo na pale Baba angefikia. Akaangalia vyombo vilivyopangwa juu ya gunia.

"Tutengeneze nini?" alimuuliza. "Hakuna kilichovunjika."

Akarudi ndani. Tukiwa pale uani, vikombe mkononi, tukasikia komeo likiingia.