Leo nilinyamazisha bibi-arusi barabarani

Leo nimeambia bibi-arusi anyamaze. Sijuti.

Papa Saidi, muchinjaji wetu wa Bunia, ngombe zake zinatoka Marabo kwa miguu. Zingine zilisikia masasi ya bunduki njiani. Anazipa maji, anaziacha zipumzike, na kama moja imeshituka, anarudisha kisu mu kitambaa mupaka itulie. Siye tunangojea. Nyama yake iko laini, na kushituka siye tunakujua.

Basi asubuhi ngombe imetulia, Papa Saidi anashika kisu.

Tukasikia klaksoni na filimbi. Ndoa inapita na mamoto, pikipiki tele.

Ngombe ikaruka. Kisu kikarudi mu kitambaa.

Na miye niko na wageni nyumbani! Nikasimama katikati ya barabara, mikono juu: "Munyamaze, ngombe inaogopa."

Bibi-arusi akashuka ku moto na kasirani. "Mama, hii ni ndoa yangu."

Mama yake mukubwa, mwenye alikuwa nyuma yangu na beseni, akajibu: "Na hii ni nyama yako."

Wakazima mamoto yote. Wakasukuma kwa mikono, wakiimba chini-chini, bibi-arusi mbele na veli yake ya kichwani.

Muzee mumoja akavua kofia, akashika bibi-arusi mukono: "Pole, mwanangu. Nani amekufa?"

Bibi-arusi akapasuka na kicheko. Siye bote pia.

Ngombe ikaruka tena.

Wageni wangu wamekula sombe, majani ya muhogo, bila nyama. Lakini sasa hivi bibi-arusi amenitumia mesaje: nyama imeiva, nikuje na wageni wangu, na nisiingie bila vigelegele.

Nani ananisindikiza?