Kufuli la Stoo ya Dorkasi

Bosibori alipokuwa na nguvu zake, hakuna mwanamke wa Manga aliyethubutu kurudisha sahani ya kanisa ikiwa na mafuta. Angekurudisha nayo mtoni, wewe na nguo zako nzuri za mazishini, na watu wakikutazama. "Ni ya kanisa hii, si ya mbwa!" angekupigia kelele, na hata mke wa mzee wa kanisa hakusazwa. Walimsema sana kisogoni. Lakini vyombo vilikuwepo, na viling'aa.

Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa stoo ya Dorkasi. Kwa asiyejua, Dorkasi ni akina mama wa kanisa la Kisabato, na huku kwetu mtu akifa au akioa, vyombo vya kupikia umati hutoka kwao. Zamani stoo ile ilifungwa kwa ufunguo. Ufunguo ukazaa funguo, masufuria yakaanza kutembea usiku kama yana miguu. Bosibori akasema yatosha. Akashuka Kisii mjini, akaingia dukani kwa Bhumi, yule mama wa Kihindi anayeuza misumari na rangi, akarudi na kufuli la nambari. Nambari yenyewe ilijulikana na yeye na Mungu wake. Alipofungua aliwapa watu mgongo, akalikumbatia kufuli kifuani kama anayenyonyesha, na aliyejifanya kusogea kuchungulia alitimuliwa.

Aliweka nambari ya wimbo. Wasabato wa huku hawahangaiki na majina ya nyimbo. Mtu husema tu, "Tuimbe mia na kumi," na kanisa zima linafungua vinywa. Bosibori akachagua wimbo mmoja aupendao, tarakimu tatu, akaona amewaweza wezi wote wa Nyamira. Nani husahau wimbo?

Basi, akasahau.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mazishi ya Mzee Anyona. Mazishi ya Ijumaa hayana mchezo: jua likizama Sabato imeingia, kwa hiyo lazima mtu awe amezikwa, watu wawe wamekula, na vyombo viwe vimeoshwa na kurudishwa kabla ya hapo. Bosibori alifika mlangoni pa stoo umande ukiwa bado kwenye majani ya chai. Akashika kufuli. Vidole vikaenda vyenyewe, kama kawaida, halafu vikasimama.

Akajaribu wimbo wa kufungulia ibada. Wapi. Akajaribu wa Meza ya Bwana. Akajaribu ule wa ubatizo, ule wa harusi ya mwanawe Onyiego, ule unaomliza mchungaji. Kufuli limekaa tu, linamtazama. Huku anazungusha, alikuwa akivuma wimbo puani, polepole, kama alivyozoea kufanya akiwa na kazi mkononi. Kijasho chembamba kikamtoka, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

Usidhani ilikuwa mara ya kwanza kusahau. Mwezi uliopita alikwenda soko la Mosocho kununua chumvi, akarudi na sabuni, akaapa kwamba alitumwa sabuni. Alikuwa amemwita Nyangate, mke wa Onyiego, kwa jina la dada yake aliyekufa wakiwa wasichana. Nyangate aliitika. Ni mwanamke wa adabu yule. Aliitika, akaendelea kumenya ndizi. Lakini Bosibori aliyaona macho yake, na tangu siku hiyo hofu ilihamia kifuani mwake ikatandika mkeka. Mambo ya nyumbani yangeweza kufichwa. Stoo haingefichika. Wakijua kwamba amesahau nambari watampa mwingine kazi, na akishaondolewa stoo atabaki nani? Bibi kizee wa kuota jua, basi. Aliogopa, jamani.

Akina mama wakaanza kufika, vitenge vimefungwa viunoni, na mbele yao Celestine, mwenyekiti, msichana wa juzi tu ambaye Bosibori ndiye aliyemfundisha kusugua sufuria kwa majivu.

"Mama Onyiego, bado?"

"Kutu," akasema Bosibori bila kugeuka. "Limeingia kutu. Mvua hii ya juzi."

Nyangate akaletewa mafuta ya kupikia, akayadondoshea kufuli tone kwa tone. Likang'aa vizuri. Halikufunguka. Akina mama wakatazamana, wakatazama jua. Kule kwa Anyona moto ulikuwa umeshawashwa, ng'ombe ameshachinjwa, na nyama ilikuwa ikingojea sufuria. Mmoja akaanza kusema jambo, mwenzake akamfinya.

Hapo Nyangate akafanya kosa. Labda si kosa; alikuwa amechoka kumwona mama mkwe akihangaika. Akatoa simu, akampigia Bhumi, akaweka sauti ya nje ili mama asikie mwenyewe.

"Mama Bhumi, tumesahau nambari ya kufuli."

Bosibori akageuka kama aliyechomwa. "Nani amekwambia nimesahau? Mimi nimesema kutu!"

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kila mtu alilisikia. Kwenye simu, Bhumi alikuwa akieleza kwa furaha ya mtu anayejua bidhaa zake. "Hakuna shida, mama! Unafungua kufuli. Hiki chuma cha juu unazungusha nusu, unabonyeza chini, unaweka nambari mpya, unaachilia. Kwisha!"

"Na kufungua, tunafunguaje?"

"Kwa nambari ya zamani."

Kuku mmoja akapita.

"Mama Bhumi," Nyangate akasema, "tungekuwa na hiyo ya zamani, tungekusumbua kwa nini?"

"Aa, sasa hapo," akasema Bhumi, na alisikitika kweli, "hapo ni kukumbuka tu."

Ni kukumbuka tu! Bosibori alitamani kucheka, akashindwa. Alirudi kwenye kufuli akazungusha tena, bila hata kufuata nyimbo sasa, nambari yoyote, yoyote tu, mafuta yakimtelezesha vidole. Alimwomba Mungu. Hakuomba kwa maneno ya kanisani. Aliomba kama mtoto aliyevunja chungu. Nipe hii moja tu, alisema moyoni, halafu zingine zote chukua. Alijua ziko mahali fulani humo kichwani, tarakimu tatu, si nyingi. Kila akikaribia, zinatawanyika.

"Mama Onyiego," Celestine akasema, "acha tumwite Ishmael."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkata Bosibori maini. Celestine huyu alikuwa akimwogopa. Wote walikuwa wakimwogopa. Angalau mmoja angemgombeza, angemwambia umetuchelewesha, mzee wewe, yeye angejua la kujibu. Matusi alikuwa nayo ya kutosha. Hakuna aliyemgombeza. Mwanamke mmoja alimshika mkono akamketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, taratibu, kama mtu atakayevunjika.

Ishmael akaja na pikipiki yake. Ni fundi wa baiskeli na redio hapo kwenye njia panda, na hakuuliza mengi. Alikivuta kile chuma cha juu kwa nguvu, akazungusha kigurudumu cha kwanza polepole hadi kikakaza, kisha cha pili. "Haya ya Wachina hayana siri," akasema. Cha tatu kilipokaa, kufuli likaachia kwa kishindo kidogo, na akina mama wakapiga vigelegele, halafu wakakumbuka kuna msiba wakajiziba midomo.

Celestine akainama kuzitazama tarakimu. "Lakini huu," akasema, "si ndio wimbo wa kaburini? Si ndio mama alikuwa anauvuma tangu tufike?"

Wote wakamgeukia Bosibori. Alinyoosha shingo akazitazama zile tarakimu tatu. Hazikumwambia kitu. Alijua wimbo wote, beti zote, hata pale besi wanapotangulia, lakini nambari ile ilikuwa kama ya nyumba ya mtu asiyemjua. "Ndiyo," akasema, "ndio huo," na alikuwa akidanganya.

Masufuria yakatoka mbio mbio, yamebebwa wawili wawili kuelekea kwa Anyona. Hakuna aliyeyahesabu. Bosibori alifungua mdomo kusema yahesabiwe, akakuta wameshafika barabarani.

Wakabaki Celestine, Nyangate, Ishmael, na wanawake wawili waliokuwa wakikusanya vijiko. Celestine akalichukua kufuli, akazungusha chuma nusu kama Bhumi alivyosema, akakibonyeza. Kabla ya kugusa tarakimu akainua kichwa.

"Ishmael, asante baba, sasa nenda. Na nyinyi wawili, tokeni, pelekeni vijiko. Nambari si ya kila mtu."

Wakaondoka. Celestine alingoja hadi wamepita ua wa michongoma, akahakikisha hakuna anayechungulia. Bosibori naye akajikaza, akashika ukuta, akainuka kwenye ndoo, akaokota kitambaa chake.

"Unaenda wapi, mama?" Nyangate akauliza.

"Si mmesema tutoke?"

"Aa, wewe kaa tu," Celestine akasema, akimtabasamia. "Kaa upumzike. Wewe huna neno."

Bosibori hakukaa. Alisimama palepale, kitambaa mkononi. "Nifukuzeni na mimi," akasema.

"Mama, jamani. Wewe ni mama yetu."

Na Celestine akamgeukia Nyangate, akaitaja nambari mpya kwa sauti yake ya kawaida, tarakimu moja baada ya nyingine, mbele ya Bosibori.