Mtamba Aliyelazwa Ng'ambo ya Bonde

Hapa Karagita, ninakofanya kazi, nanunua maziwa ya pakiti, nayachemsha, na kila nikiyanusa nakasirika. Hayanuki kitu! Ya Mama, kule Olenguruone, yalinuka moshi na nyasi na mikono yake. Mama hayuko tena. Namkumbuka hadi kifua kinauma.

Alikuwa na namna yake ya kuita ng'ombe: anatetemesha ulimi, prrr, halafu sauti ndefu inayopanda mwishoni. Nimejaribu hapa kwa chumba changu, jirani akagonga ukuta.

Ng'ombe wake walikuwa wa ukoo mmoja, wa yule aliyetoka naye kwa mama yake akiolewa. Siku nilizokuwa bado nyumbani, mmoja wao alikufa vibaya. Alikula vizuri kabisa lakini alihara tu, miezi na miezi, akakonda mbavu zikatoka nje. Tulimpa dawa ya minyoo, wapi! Wengine wakasema ni jicho la mtu. Alipokufa akabaki binti yake peke yake, mnene, anang'aa, ana mimba.

Basi daktari wa mifugo, msichana wa umri wangu, alipokuja kumpima huyo binti, Mama alimcheka. "Ati unapima ng'ombe mzima? Kwani ukimpata hana kitu utamrudishia damu yake?"

Daktari naye akacheka, lakini akachukua damu na mavi. Akatueleza kwamba huenda yule aliyekufa alikuwa na bakteria ya utumbo. Ndama huipata akiwa mdogo, kwa maziwa au mavi ya mama yake, kisha inakaa kimya kwa miaka. Ukingoja ahare, umechelewa.

Majibu yakaja: anayo, na haina dawa. Mama alikaa juu ya ndoo, mikono kichwani. "Basi imeisha," akasema. "Nitakufa bila ng'ombe wa mama yangu."

"Bado kuna ndama, Mama," daktari akamwambia. "Siwezi kuahidi, maana anaweza kuipata hata tumboni. Lakini akizaliwa asinyonye hata tone, na asilale kwa hili boma."

Kwetu ndama hulambwa na mama yake kwanza, na kumnyima ni ukatili. Huyu wetu, Mama alimpokea kwa gunia safi, akampangusa mwenyewe, ng'ombe akilia nyuma ya mlango. Woi, kile kilio! Mama naye analia, anamwambia, "Nisamehe, mama, nisamehe."

Tukambeba ndama hadi ng'ambo ya bonde, kwa rafiki yake wa kanisani, mjane ambaye ng'ombe wake walikuwa wamepimwa wakawa salama. Hiyo ni desturi yetu ya zamani: ng'ombe wako unamlaza kwa rafiki, yeye anakunywa maziwa, wewe unabaki mwenye mali. Mjane akampa dang'a ya ng'ombe wake, yale maziwa mazito ya kwanza. Ng'ombe wetu akaenda kuchinjwa, na boma likabaki tupu.

Daktari alisema Mama anaweza kumtembelea, mradi abadilishe viatu na anawe. Alikataa katakata kuingia. "Nisije nikampelekea ule uchafu." Alikuwa anaenda kusimama nje ya ua wa mjane, anamwangalia mtamba wake akila majani ya nepia. Hakumwita hata siku moja. "Akinisikia atakuja mbio," aliniambia, "na mimi nitamshika."

Mama alifariki, mtamba akiwa bado mdogo mno kupimwa.

Mwaka huu mtamba amezaa, na kila akipimwa hana ule ugonjwa. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda milima ya Mau kwenda kumwona. Nilikuwa bado kwa lango nikasikia prrr, halafu ile sauti ndefu inayopanda mwishoni. Jamani! Niligeuka kumtafuta Mama, haki ya nani, nikageuka.

Kumbe alikuwa yule mjane, amesimama na ndoo.

"Mama yako alinifundisha hapo nje ya ua," akasema. "Kila akija ananikosoa, mpaka nikaipata. Alisema nikimwita ng'ombe na sauti yangu, siku ya kurudi kwenu atakuwa mgeni." Akaninyooshea ndoo. "Haya, mwanangu, mwite wewe."

Nilijaribu. Sauti ilinikatikia katikati, lakini ng'ombe alikuwa ameshaanza kuja.