Nilifungiwa leseni Tarime, nikavuka mto nikidhani nimepona

Wakuu, habari za mchana. Mimi mzee wa Nyarero, shule niliishia darasa la nne, nikiteleza mnivumilie. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaweka chumvi.

Nianzie mbali kidogo.

Nikiwa mdogo baba alikuwa na dume jeusi, pembe zimeelekea mbele. Lilichoma watu wawili mahali pa kunywesha. Wazee wakakaa, wakasema dume hilo lisionekane tena kwenye maji ya kijiji.

Baba hakubishana. Akalivusha Mto Mara, akampa rafiki yake wa Morotonga, upande wa Serengeti. Huko likapewa jina jipya, likaanza maisha upya. Kwetu tukajua yameisha.

Sasa mimi ni dereva tangu ujana. Mwaka jana mahakama ya Tarime ikanifungia leseni miezi sita, spidi. Kosa langu, nilikuwa nawahisha ndizi mnadani. (Ndizi zenyewe zilikuwa mbichi, zingesubiri hata siku tatu. Ubishi tu.)

Leseni ikabaki kwao. Mimi nikabaki na kopi niliyoilaminesha zamani.

Hapo likanijia lile dume. Nikasema, aliyenifungia ni Tarime. Navuka.

Nikaenda Morotonga kwa shemeji yangu Chacha, mume wa dada yangu. Ni mtoto wa yule yule rafiki wa baba aliyepewa dume, urafiki ulizaa ndoa. Chacha ana Canter, ila yeye kuiwasha tu hajui. Dereva wake alikuwa ameacha kazi, na Jumamosi ile anaoza binti yake wa kwanza.

Nikamwambia mimi nipo. Uongo sikusema, niliruka tu kipande cha mahakama.

Asubuhi tukapakia viti, turubai na masufuria ya watu mia mbili. Vitu vifike Mugumu kabla watu hawajatoka kanisani. Chacha kavaa suti, kakaa mbele kama mbunge.

Tunakaribia mjini, trafiki akatusimamisha. Binti mdogo, akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, akaomba leseni. Nikampa kopi. Akaingiza namba kwenye simu yake.

“Mzee, wewe umefungiwa.”

Nikamwelewesha kwa upole kwamba hiyo ni ya Tarime, na hapa ni Serengeti.

Akacheka mpaka akashika kofia. “Baba, haikufungiwa barabara. Umefungiwa wewe. Hata ukienda Mtwara unakwenda nayo.”

Akasema kwa haki gari lilale kituoni na mimi niende mahakamani tena. Chacha akashuka na suti yake, akamwomba sana, akamwonyesha kadi ya harusi. Mwisho yule binti akaniandikia kosa, gari akakubali liondoke akipatikana dereva mwenye leseni. Akaitwa mmoja wa stendi, akaja na bodaboda.

Tukimsubiri, Chacha hakunigombeza. Ndiyo ikauma zaidi. Nikaona nimweleze habari ya dume, ajue akili yangu ilipita wapi.

Akaniangalia, akaanza kutabasamu.

“Mura, lile dume wiki ile ile lilimchoma baba yangu pajani. Jina tulibadilisha. Pembe lilikuja nazo.”

Wakuu, miaka yote hiyo kwetu hakuna aliyetuambia. Walimheshimu baba.

Viti vilifika kwa wakati, bibi harusi hajui kitu mpaka leo. Funzo mmeliona, mkifungiwa tulieni nyumbani mmalize. Na kama kuna mwenzangu humu aliyewahi kuvuka na pembe zake aseme, nisionekane mjinga peke yangu.

Mimi nimalizie. Dereva alipofika nikamwekea Chacha funguo kiganjani, nikachukua koti langu, nikatembea zangu kwa miguu kuelekea harusini. Miezi sita ilishapita, leseni ipo mahakamani, sijaifuata. Usukani sijaushika tena.